Zamu ya Maji

Kaeni. Wewe mwenye kandambili, usizivue, nitazihitaji.
Leo sina picha za ukutani. Umeme Moshi nzima umekatika,
na mlima, mnauona dirishani, umejifunika shuka.
Nina kitanda hiki tu, namba saba, wodi ya wanaume,
breki ya mguu wa kushoto haishiki.

Ndelilio, lala. Ndiyo, wewe, na sare yako.
Fumba macho. Nimekutundikia dripu mkono wa kulia,
saa tatu nimekupa kidonge cha kukojosha,
nimezima taa, nimekutakia usiku mwema.
Sasa ni saa tisa. Kibofu kinakuita kwa jina.
Choo ni hatua kumi na tisa: nimezihesabu
kwa miguu yangu, kisha kwa miguu ya mgonjwa, zikawa arobaini.
Kengele iko wapi? Ipapase.
Haipo. Inaning'inia nyuma ya kitanda,
alikoitupa aliyetandika asubuhi.
Na ungeipata, ungemwita nani?
Binti wa umri wa mjukuu wako, aje na chupa?

Mnacheka. Nami nilicheka, nilipokaa mlipokaa.

Alikuwa Mzee Eliamringi, wa Machame juu, karibu na msitu,
miaka themanini na mmoja, kifua kimetulia,
kesho yake aruhusiwe.
Maisha yake yote alipita ukingo wa mfereji gizani,
kurunzi mdomoni, jembe begani,
utelezi akiujua kama hasira za mkewe.
Hakuwahi kuanguka.

Usiku ule aliota ni zamu yake ya maji.
Aliyekulia kihambani anajua:
zamu ya maji haisubiri mtu. Ukilala, jirani anageuza mkondo,
migomba yako inakaa na kiu wiki nzima.
Akaamka. Akashusha miguu, akatafuta jembe,
akashika stendi ya dripu.
Kitanda kikarudi nyuma shubiri moja.
Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Na mimi nilikuwa zamu.
Pale mezani, chini ya taa, naandika
*mgonjwa amelala vizuri.*
Wino haujakauka—

Sauti ya nyonga sitawasimulia.
Nitawaambia alichosema, amelala kwenye maji yake na ya deki:
"Samahani, mwanangu. Nimekuchafulia sakafu."

Wahenga wamesema kujikwaa si kuanguka.
Wodini kila kimoja kina fomu yake,
na fomu zote mbili nilizijaza vizuri sana.

Basi. Breki mtazifunga, kengele mtaiweka kiganjani,
kitanda mtakishusha hadi miguu iguse chini,
hayo yamebandikwa mlangoni, mtayasoma.
Mimi nataka neno moja. Msimwulize, "Unataka kukojoa?"
Mwambieni kabla hajaamka, "Mzee, tukajisaidie."
Hiyo *tu* ndiyo fimbo yake ya kwanza.

Tena mwulizeni, nyumbani usiku unaamshwa na nini?
Kwenye faili kuna nafasi ya presha, ya sukari, ya dini.
Ya hilo hakuna. Andikeni pembeni.
Kitanda cha tatu alilinda ghala la kahawa miaka thelathini,
saa nane kamili anainuka kuzunguka ukuta.
Yule wa dirishani ana ng'ombe anayekaribia kuzaa.

Msiniulize kama mzee alirudi Machame akitembea.
Mwanawe alikuja na mkungu wa ndizi, kunishukuru.
Kunishukuru.
Niliubeba hadi nyumbani, ukaivia jikoni, ukaoza,
sikuweza kumenya hata moja.

Haya, Ndelilio, vaa kandambili za mwenzako, zimekuzidi, ndiyo,
usifumbue macho, shuka taratibu, choo ni kule.

Hapana. Simama hapo hapo.

Mko kumi na wanne humu ndani.
Nani amesogea kumshika?